Mawe mekundu saba ya marehemu baba: nitajuaje lipi ni rubi, lipi ni spineli na lipi ni garneti?

BintiPongwe aliandika:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Marehemu baba yangu alikuwa dalali wa vito kwa zaidi ya miaka ishirini, akizunguka kati ya Bonde la Umba huku kwetu Tanga na machimbo ya Mahenge mkoani Morogoro. Alipofariki tulikuta, ndani ya mkebe wa kahawa, mawe mekundu saba: manne yamekwisha kukatwa na kung'arishwa, na matatu yangali ghafi. Kila jiwe lilikuwa limekunjiwa karatasi yake, lakini maandishi ya penseli yamefutika, isipokuwa karatasi moja ya jiwe ghafi inayosomeka "Mhng" na nyingine ya jiwe lililokatwa inayosomeka "Umba, si rubi".

Nimekwisha kuyapeleka kwa watu watatu. Dalali wa kwanza aliyamulika kwa tochi kwa muda usiofika dakika mbili, akasema yote ni rubi na akataja bei ya jumla. Wa pili akasema yote ni garneti, na bei aliyoitaja isingenirudishia hata nauli. Sonara mmoja akachukua moja ya yale yaliyokatwa, jekundu lenye kuelekea zambarau, akakwaruza nalo kipande cha kioo. Kioo kikachorwa mstari, naye akasema huo ndio uthibitisho kwamba ni rubi. Niliporudi nyumbani nikaona kwa lenzi kwamba ukingo wa jiwe umemeguka kidogo pale aliposugulia.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Kwanza, inawezekanaje watu watatu wenye uzoefu wayatazame mawe yale yale na kutofautiana kiasi hicho? Pili, je, zipo njia ambazo mtu asiye na maabara anaweza kuzitumia nyumbani, bila kuyaharibu mawe, ili angalau ajue anachokipeleka sokoni? Kati ya yale manne yaliyokatwa, mawili ni mekundu kama damu, moja ni hilo lenye zambarau, na la nne ni la waridi iliyokolea.

Lenzi_Kumi alijibu:

Dada BintiPongwe, pole kwa msiba, na pole pia kwa ukingo uliomeguka. Nimefanya kazi ya kutambua vito Arusha kwa miaka kadhaa, na ombi langu la kwanza ni kwamba usimruhusu mtu mwingine yeyote akwaruze chochote kwa mawe hayo. Kipimo cha ugumu alichokipanga Friedrich Mohs mwaka 1812 kilikusudiwa kwa sampuli za madini, si kwa vito vilivyokatwa. Kioo cha dirisha kina ugumu wa takribani 5.5. Kwatzi ni 7, garneti ni kati ya 7 na 7.5, spineli ni 8, rubi ni 9, na rubi iliyotengenezwa kiwandani nayo ni 9 vilevile. Vyote hivyo huchora kioo. Kwa hiyo sonara yule alithibitisha tu kwamba jiwe lako si kioo laini, na kwa uthibitisho huo mdogo amekugharimu ukingo. Isitoshe, ugumu wa kutokwaruzika si sawa na uimara wa kutovunjika; hata almasi hupasuka ikigongwa upande wake dhaifu.

Kuhusu swali lako la kwanza, sababu ni kwamba wote watatu walitegemea rangi, au kitu kisicho bora kuliko rangi. Wekundu wa rubi na wekundu wa spineli hutokana na kitu kimoja, yaani kiasi kidogo cha kromiamu kilichojipenyeza ndani ya fuwele. Madini hayaainishwi kwa rangi bali kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: kemia yake na jinsi atomu zake zilivyopangwa. Rubi ni oksidi ya alumini, madini yanayoitwa korandamu, na mpangilio wake una mhimili mmoja wa pekee usiofanana na mielekeo mingine. Spineli ni oksidi ya magnesiamu na alumini, na mpangilio wake ni wa mchemraba, yaani ni sawa kwa pande zote. Garneti nayo ina mpangilio wa mchemraba, lakini ni silikati, na tena si madini mamoja bali ni ukoo: zile nyekundu huwa ni mchanganyiko wa piropu yenye magnesiamu na almandini yenye chuma, kwa viwango vinavyobadilika kutoka jiwe hadi jiwe.

Tofauti hizo za ndani ndizo zinazopimika kutoka nje, na nyumbani unaweza kupima tatu.

Kipimo cha kwanza ni cha mwanga. Kwa kuwa rubi ina ule mhimili wa pekee, mwale wa mwanga unaoingia ndani yake hugawanyika kuwa miwili, ilhali ndani ya spineli na garneti hubaki mmoja. Maabara hutumia chombo maalumu kuliona hili, lakini kompyuta yenye skrini ya kisasa na miwani ya jua ya aina ya polaroidi vinatosha. Fungua ukurasa mweupe mtupu, shika miwani mbele ya jicho na uizungushe taratibu mpaka skrini ionekane nyeusi. Sasa weka jiwe kati ya skrini na miwani, ukilishika kwa koleo ndogo, na ulizungushe mzunguko mmoja kamili. Rubi itang'aa na kufifia mara nne. Spineli na garneti zitabaki giza muda wote. Usiridhike na upande mmoja, kwani ukilitazama jiwe la rubi kwa bahati mbaya kupitia ule mhimili wake, nalo litabaki giza. Ligeuze na ulijaribu pande tatu tofauti. Kwa jiwe lililokatwa ni bora ulitumbukize katika bilauri nyembamba yenye maji, vinginevyo nyuso zake zitakurudishia mwanga ovyo na kukuchanganya.

Kipimo cha pili ni tochi ya urujuanimno, ile wanayotumia watu wa maduka kukagua noti bandia. Ingia chumba chenye giza na uyamulike mawe bila kuitazama tochi yenyewe. Spineli nyekundu ya Mahenge huwaka wekundu kama kaa la moto, na rubi iliyotoka kwenye miamba ya marumaru huwaka vilevile, kwa sababu marumaru ina chuma kidogo sana na chuma ndicho kinachozima mng'ao huo. Garneti nyekundu haiwaki. Angalia lakini kwamba rubi ya kiwandani huwaka kupita zote, kwa hiyo mng'ao mkali peke yake usikufurahishe mapema.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni densiti linganifu, yaani jiwe ni zito mara ngapi kuliko maji yenye ujazo sawa nalo. Rubi ni 4.00, spineli ni 3.60, na garneti nyekundu nyingi za Umba huwa karibu na 3.84. Tafuta mizani inayosoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu (0.001). Masonara wengi wanayo. Pima jiwe likiwa kavu na uandike uzito wake. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, tumbukiza uzi mwembamba wa nailoni usio na jiwe, na urudishe mizani kwenye sifuri. Funga jiwe kwenye uzi huo huo, ulining'inize majini bila kugusa kitako wala kingo za bilauri. Namba itakayosomeka ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Tone moja la sabuni ya vyombo litazuia vipovu vya hewa kung'ang'ania jiwe, na kwa kuwa maji ya Tanga yana joto la karibu nyuzi 30, zidisha jibu lako kwa 0.996.

Usitumie mizani inayoishia sehemu moja ya mia ya gramu (0.01) kwa mawe madogo. Jiwe la rubi la karati moja lina gramu 0.200, na husukuma gramu 0.050 tu za maji; mizani hiyo ikikosea kwa tarakimu moja ya mwisho, jibu lako linaweza kuwa 3.3 au 5, na utakuwa umejitaabisha bure.

Jambo la kukaza ni hili: hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachotosha peke yake. Garneti yenye almandini nyingi inaweza kufika densiti ya 4.00 kamili, sawasawa na rubi. Hata mashine ya kupima jinsi jiwe linavyopinda mwanga inaweza kumdanganya mtu mwenye haraka, kwa kuwa rubi husoma kati ya 1.762 na 1.770, na garneti nyingi husoma 1.76. Unahitaji angalau sifa mbili zisizotegemeana, zote zikielekeza jina moja.

Mchimbaji_Ulanga alijibu:

Ndugu Lenzi_Kumi amelieleza vizuri la mawe yaliyokatwa. Mimi ninachimba huku Mahenge, na ninataka kuongeza habari za yale matatu ghafi, kwa sababu jiwe ghafi bado limevaa sura lililozaliwa nayo, na sura hiyo ni ushahidi ambao mkataji huutupa.

Spineli ikiwa haijavunjika huwa na nyuso nane za pembetatu, kama piramidi mbili zilizoshikamanishwa vitako. Wakati mwingine nyuso huwa zimenyooka na kung'aa kiasi kwamba mgeni hudhani limepita kwa fundi. Garneti huwa na umbo linalokaribia mviringo, lenye nyuso kumi na mbili zenye sura ya msambamba, ingawa zile zilizoburutwa na maji ya mto huwa zimechakaa na kuwa kama punje za mahindi. Rubi hupenda umbo la pande sita, ama sahani bapa ama pipa fupi, na juu ya uso bapa mara nyingi utaona michoro ya pembetatu ndogo ndogo zilizopandana kama ngazi.

Tazama pia jiwe limeshikamana na nini. Spineli yetu hukaa ndani ya marumaru nyeupe au kwenye udongo mwekundu uliotokana na kuoza kwa marumaru hiyo. Ukikuta chembe nyeupe zimeng'ang'ania pembeni, na chembe hizo zikatoa povu ukizidondoshea siki kali, hiyo ni marumaru. Tone moja pembeni linatosha. Usiloweke jiwe zima. Hapa Ipanko ndipo kilipotoka mwaka 2007 kile kipande kikubwa cha spineli cha takribani kilo 52, ambacho kiliwafanya wanunuzi wa Bangkok wajue jina la Mahenge kabla ya kujua liko mkoa gani. Kabla ya hapo, ninawakumbuka watu waliouza spineli kwa jina la "rubi hafifu" na wakapunjwa, na wengine waliouza garneti kwa jina la spineli na wakapunja.

Kuhusu Umba, mawe yake ni mchanganyiko mkubwa zaidi. Bonde lile lina korandamu za rangi nyingi na garneti za kila namna ndani ya changarawe moja, kwa hiyo kusema "limetoka Umba" hakukuambii jiwe ni nini. Ndiko ilikopatikana miaka ya 1960 ile garneti ya rangi ya chungwa na waridi ambayo wanunuzi waliikataa kwa kuwa haikulingana na rodolaiti, garneti nyekundu yenye kuelekea zambarau, waliyokuwa wakiitafuta. Kwa sababu ilikataliwa, wachimbaji na madalali wakaibandika jina la "malaya", na jina hilo limebaki katika biashara ya dunia nzima hadi leo. Wanunuzi wa ng'ambo hulitamka kwa unyenyekevu mkubwa wala hawajui wanachokisema.

FundiPete alijibu:

Nami ni sonara, hapa Mombasa, na ningependa kuwatetea kidogo wenzangu kabla hatujahukumiwa wote kwa kosa la mmoja. Mtu aliyeshika mawe elfu kadhaa hujenga jicho, na jicho hilo si la kudharauliwa. Kabla sijakubali kulivisha jiwe pete, mimi hulipulizia pumzi: ukungu ukiondoka upesi ni jiwe, ukikawia ni kioo. Baada ya hapo hutumia sumaku ndogo yenye nguvu, ile inayopatikana ndani ya diski za kompyuta zilizoharibika. Jiwe huliweka juu ya kipande cha povu la plastiki kinachoelea majini, kisha husogeza sumaku karibu bila kugusa. Garneti nyekundu hufuata sumaku kama mtumbwi unaovutwa kwa kamba. Spineli nyekundu na rubi hazijali.

Kuna onyo moja ambalo sijaliona hapa nalo linatuhusu sisi wa meza za kazi. Tangu miaka ya 2000 sokoni kuna rubi nyingi hafifu zilizojaa nyufa, ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi. Ni korandamu kweli, kwa hiyo itacheza mbele ya miwani ya polaroidi na inaweza hata kuwaka chini ya tochi. Lakini ukiipitisha karibu na moto wa kulehemu, au ukiitumbukiza katika tindikali tunayosafishia fedha, kioo kile huharibika na jiwe hutoka na utando wa nyufa nyeupe kama buibui amelipitia. Hata maji ya limau yakikaa muda mrefu hulila. Mteja wangu mmoja alilia mbele yangu kwa sababu hiyo, na jiwe hakulinunua kwangu. Kwa lenzi, ligeuze geuze chini ya taa: ukiona mmweko wa buluu ukipita kama samaki ndani ya nyufa, na vipovu vilivyolala bapa, liache.

Lenzi_Kumi alijibu:

Fundi, kuhusu sumaku tunakubaliana kabisa, na nilikosea kutoitaja. Kuhusu kioo chenye risasi, nakushukuru. Kuhusu pumzi sikubali: kipimo hicho hutegemea jinsi jiwe linavyopitisha joto, na kati ya garneti, spineli na rubi ndogo tofauti hiyo ni finyu mno kwa jicho, hasa katika unyevunyevu wa pwani ambako ukungu hukawia juu ya kila kitu. Tuseme kinafaa kutilia shaka kioo, basi.

Mzee_wa_Malindi alijibu:

Niruhusuni neno moja la lugha, kwa sababu naona linahusika. Wazee wetu wa Unguja hawakusema rubi, walisema yakuti, neno tulilolipata kutoka Kiarabu. Ndani ya neno hilo kulikuwa na uainishaji mzuri kuliko tunavyodhani, maana yakuti nyekundu na yakuti samawi ziliitwa kwa jina moja, na leo ndugu Lenzi_Kumi atakubali kwamba zote mbili ni korandamu, zikitofautiana kwa kilichozitia rangi. Waarabu na Waajemi walikuwa na jina jingine, la'li, kwa lile jiwe jekundu la Badakhshan, katika milima ya Afghanistan na Tajikistan ya leo, ambalo ndilo spineli. Al-Biruni, karne ya kumi na moja, alikuwa akipima uzito wa vito akilinganisha na maji yaliyosukumwa na vito hivyo, yaani kazi ile ile anayofundishwa binti yetu hapa. Ulaya walikawia, ni mwaka 1783 ndipo Mfaransa Romé de l'Isle alipoitenganisha spineli na rubi kisayansi, na hadi sasa jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza linaitwa "Rubi ya Black Prince" ilhali ni spineli.

BintiPongwe aliandika:

Nimerudi baada ya majuma mawili, na ninawashukuru wote, mzee wangu wa Malindi akiwa wa kwanza. Nimeazima mizani inayosoma elfu ya gramu, na nimepima kila jiwe lililokatwa mara tatu. Naandika wastani.

Jiwe la kwanza, jekundu kama damu: gramu 0.746 likiwa kavu, maji yaliyosukumwa gramu 0.206, jibu baada ya kusahihisha 3.61. Mbele ya miwani lilibaki giza pande zote tatu. Chini ya tochi liliwaka kiasi kwamba mdogo wangu alirudi nyuma. Halikufuata sumaku.

Jiwe la pili, nalo jekundu kama damu, dogo zaidi: gramu 0.412 na gramu 0.103, jibu 3.98. Liling'aa na kufifia mara nne, sawasawa na ulivyosema, isipokuwa upande mmoja ambao lilikaa giza. Liliwaka, lakini si kama la kwanza. Kwa lenzi naona nyuzi fupi nyembamba sana zinazokatana kwa pembe. Sioni vipovu wala mmweko wa buluu.

Jiwe la tatu, lile lenye zambarau, lililokwaruziwa kioo: gramu 1.530 na gramu 0.397, jibu 3.84. Giza pande zote, halikuwaka hata kidogo, na lilipoelea lilifuata sumaku mpaka ukingoni mwa bakuli. Hili ndilo lililokuwa katika karatasi ya "Umba, si rubi".

Jiwe la nne, la waridi: gramu 0.655 na gramu 0.179, jibu 3.64. Hili limenishinda. Mbele ya miwani halikung'aa na kufifia kama la pili, lakini halikubaki giza tupu pia. Lilikuwa na mawingu mawingu yanayotambaa ndani yake nilipolizungusha. Liliwaka wekundu wa wastani. Kwa lenzi ni safi kabisa, sioni kitu.

Kati ya yale ghafi, lile la "Mhng" ni piramidi mbili zilizoshikamana vitako, na upande mmoja limekalia kipande cheupe kilichotoa povu kwa siki. Mengine mawili yamevunjika vibaya, hayana umbo, na yote mawili yalifuata sumaku.

Lenzi_Kumi alijibu:

Dada, umefanya kazi ambayo baadhi ya madalali niliowafahamu hawajaifanya maisha yao yote.

La kwanza ni spineli. Densiti, giza la miwani na mng'ao vyote vinakubaliana, na kutofuata sumaku kunaiondoa garneti. La tatu ni garneti ya namna ya rodolaiti, na marehemu baba yako alilijua. Nadhani aliandika "si rubi" kwa sababu kuna mtu alijaribu kumuuzia kwa jina hilo. Na ndilo sonara alilolithibitisha kuwa rubi. Mawili yaliyovunjika yana kila dalili ya kuwa garneti pia. Kama yana mwili wa kutosha, yapime densiti kabla ya kuyauza, maana sumaku pekee ni sifa moja.

La pili ni korandamu bila shaka, na kwa rangi hiyo ni rubi. Hapo sasa tunaingia kwenye maswali mengine mawili ambayo watu huyachanganya na lile la kwanza. Baada ya kujua jiwe ni madini gani, inabaki kujua kama limetoka ardhini au kiwandani, na kama limetoka ardhini, limetiwa dawa au moto kiasi gani. Rubi za kiwandani si jambo jipya. Verneuil alitangaza njia yake ya kuziyeyusha kwa mwali wa moto mwaka 1902, na pete nyingi za bibi zetu zina mawe hayo. Zake hutambulika kwa mistari iliyopinda kama mifereji ya santuri, pamoja na vipovu. Wewe unaona nyuzi zilizonyooka zinazokatana kwa pembe, ambazo yaelekea ni madini ya rutili, nyuzi tunazoziita hariri, na hiyo ni ishara nzuri ya jiwe la ardhini. Kama nyuzi hizo ni nzima bila kukatika vipande vipande, ni dalili pia kwamba halijapitishwa kwenye joto kali, kwa kuwa joto hilo huziyeyusha. Lakini hilo usilitangaze kwa lenzi ya nyumbani. Rubi ya karati 2 isiyopashwa moto na ile iliyopashwa hutofautiana sana bei, na mnunuzi makini atadai cheti. Anza na Kituo cha Jemolojia Tanzania hapa Arusha. Kama matokeo ni mazuri, ndipo ufikirie gharama ya maabara za nje kama GIA, SSEF au Gübelin.

La nne ndilo lililonifanya nisome ujumbe wako mara mbili. Spineli ya asili ni 3.60, lakini spineli ya kiwandani iliyoyeyushwa kwa moto ina alumini ya ziada na huwa 3.64, namba ile ile uliyoipata. Yale mawingu yanayotambaa nayo ni tabia yake inayojulikana, kwa sababu fuwele hizo huwa na mkazo ndani. Usafi wa kupindukia nao haulitetei. Hata hivyo bado sijalihukumu: mizani yako ikikosea gramu 0.002 tu, jibu linashuka hadi 3.60, na spineli ya asili nayo mara mojamoja huonyesha mkazo. Hapa huhitaji maabara ya ghali. Mtu yeyote mwenye mashine ndogo ya kupima mpindo wa mwanga atalimaliza kwa dakika tano: likisoma karibu na 1.718 ni la kawaida ya asili, likisoma 1.728 ni la kiwandani. Mwambie asome mbele yako, nawe uandike namba.

Mchimbaji_Ulanga alijibu:

Nami nina ombi juu ya lile la "Mhng". Usikubali mtu alikate, na usiling'oe kwenye marumaru yake ili kulisafisha. Fuwele yenye pembe zake zote, ikiwa bado imekaa juu ya mwamba iliyozaliwa ndani yake, ina wanunuzi wake maalumu ambao hawatazami karati, na likishapita kwenye jiwe la mkataji utabaki na kito kidogo na vumbi. Lifunge kwa pamba, peke yake, mbali na lile la pili, kwa sababu rubi italikwaruza.

BintiPongwe aliandika:

Nimelihamisha jioni hii hii. La waridi nitalipeleka Jumatatu, na nitaleta namba hapa.